SOMO LA AMANI: WAJANE WALIOSAHAULIWA MEZANI

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Matendo ya Mitume 6:1-7, Yoshua 9:3-27, 2 Samweli 21:1-14.

Neno la kushika: Amani iliyofanywa bila mdogo haitamlinda hata mkubwa.



Somo hili tumelipanga juu ya jambo moja linalotuhusu sisi wa Mongbwalu kuliko watu wengi. Baada ya vita watu wote husema, "Tufanye amani." Ni neno zuri. Lakini ulizo linabaki: tuifanye na nani? Nani anaitwa kikaoni, na nani anaambiwa habari baadaye njiani? Sisi mashemasi tunaandika kwa kujihukumu wenyewe kwanza, maana kosa tutakalolisema lilifanyika mikononi mwetu.

1. KOSA LETU JUU YA UNGA

Wakati mmoja watu walipokuwa wakirudi kutoka porini, ndugu wa parokia nyingine walituletea msaada: unga wa mihogo, maharagi, chumvi na mafuta. Sisi mashemasi tuliketi chini ya mti, tukaandika orodha. Tuliandika majina tuliyoyajua. Hatukuwa na nia mbaya. Lakini majina tuliyoyajua yalikuwa ya watu wetu, wanaosema lugha yetu na kuketi karibu nasi ibadani.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, amefika na watoto wanne, anakaa katika kibanda cha mabati ya zamani upande wa mto. Marehemu mume wake alikuwa wa upande ule mwingine. Hatukumfukuza, wala hatukumtukana. Hatukumwandika tu. Alisimama kando na karaya yake mpaka unga ukaisha, akarudi nayo tupu.

Mwaka uliofuata kanisa lilifanya kamati ya amani. Tukatuma kijana akamwite mama yule na wenzake, ili isemwe kwamba makabila yote yamekuwako. Hakuja mtu. Tulipokwenda wenyewe kumwuliza, alijibu kwa sauti ndogo: "Siku ya unga hamkulijua jina langu. Leo mmelijuaje?"

Hatukuwa na jibu. Kamati iliendelea bila wao. Ilikata neno juu ya mpaka wa shamba moja karibu na kijito, na wazee wa pande mbili wakashikana mikono. Lakini katika kijito kile akina mama wa upande wa mto walikuwa wakichota maji na kuosha mchanga wa zahabu, nao hawakuulizwa. Mwenye shamba alipofunga njia, matata yakaanza. Mapanga yakatoka. Kijana mmoja alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kuume. Karatasi ya mapatano ilikuwa bado mpya, haijapata hata doa.

Tangu siku ile tukaanza kusoma tena sura ya sita ya Matendo ya Mitume, ambako kazi yetu ya ushemasi ilianzia.

2. MAMBO YALIYOTUPATA

Watoto wetu wengi hawakuyaona. Ni vema wayajue, wasidanganywe na kila msemaji.

Zahabu ya eneo hili ilijulikana kwa Wazungu tangu 1903, na machimbo ya Kilo na Moto yakavuta watu wa kila upande. Kwa hiyo Mongbwalu, mji ulio katika nchi ya Wanyali wa Kilo, territoire ya Djugu, ukajaa Walendu, Wahema, Waalur, Wanande na watu wa mikoa ya mbali. Waliooana ni wengi. Tena tukumbuke jambo hili: Wahema wa kaskazini husema Kilendu. Watu waliopigana kwa ukali hivyo waliomba chumvi kwa jirani kwa lugha moja.

Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali. Mwenye kujua ofisi na mwenye pesa aliweza kupata karatasi juu ya shamba ambalo wengine walikuwa wakililima tangu babu zao. Ugomvi juu ya mashamba ya namna hiyo katika Djugu uliwasha moto wa mwaka 1999. Kisha wakaingia watu wa siasa, majeshi ya nchi jirani na wanunuzi wa zahabu, na kila mmoja akaongeza kuni.

Mwezi wa Novemba 2002 jeshi la UPC, la Thomas Lubanga, liliushika mji wetu. Walendu na watu walioitwa "Jajambo", yaani wasio wenyeji wa Ituri, waliwindwa. Abbé Boniface Bwanalonga, padri mzee asiye na silaha, aliuawa hapa. Mwaka wa 2003 kikundi cha FNI cha upande wa Walendu kikaushika mji nacho, na zamu ya wengine kuwindwa ikafika. Watu walilazimishwa kufanya salongo katika mashimo ya zahabu. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba kati ya Juni 2002 na Septemba 2004 raia 2,000 au zaidi waliuawa katika eneo la Mongbwalu peke yake. Katika Ituri yote hesabu ilipita 50,000.

Mwisho wa mwaka 2017 moto ukawaka tena katika Djugu. Kikundi cha CODECO, ambacho jina lake ni la ushirika wa maendeleo, kikashika mapanga na bunduki. Upande mwingine kikatokea kikundi kilichojiita Zaire. Tarehe 6 Mei 2021 Serikali iliweka Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Hata hivyo, tarehe 1 Februari 2022, katika kambi ya waliohama ya Plaine Savo, watu wapatao 60 waliuawa usiku, ingawa walikuwa wamekwisha kukimbia kifo mara ya kwanza.

3. NI NANI ALIYEITWA MEZANI?

Mwezi wa Aprili 2003 kulikuwa na kikao kikubwa Bunia, kilichoitwa Kamati ya Upatanisho wa Ituri. Wajumbe 177 waliketi. Kiliweka utawala wa muda, na mama mmoja, Pétronille Vaweka, akawa mkuu wa baraza la muda. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini mwezi uliofuata, majeshi ya Uganda yalipoondoka, Bunia iliwaka moto, hata jeshi la Ulaya likatumwa mwezi wa Juni 2003. Wajumbe walikuwa wamesema vizuri, lakini bunduki zilikuwa bado mikononi mwa watu waliohesabu faida yao wenyewe.

Kisha tazameni jambo la mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005. Wakubwa kadhaa wa vikundi vya Ituri walipewa vyeo vya jenerali katika jeshi la taifa, ili waache vita. Tunaelewa sababu: mwenye bunduki asipotulizwa, ataua. Lakini kijana wa kijijini alijifunza nini? Alijifunza kwamba aliyeua hupewa nyota begani, na aliyevumilia hupewa turubai. Mjane hakupewa cheo, wala mkulima aliyekataa kushika panga. Amani ya namna hiyo inafundisha vita vya kesho.

Tena mwezi wa Juni 2023 vikundi vya silaha vya Ituri viliketi Aru, vikatia mkono mapatano tarehe 1 Juni. Tulishangilia, na hatusemi kwamba kazi ile ilikuwa bure. Lakini tarehe 12 Juni, siku 11 tu baadaye, kambi ya Lala, katika Djugu, ilishambuliwa, na watu zaidi ya 40 wakauawa, watoto wengi kati yao. Mazungumzo ya wenye silaha ni ya lazima. Lakini peke yake hayatoshi, kwa maana yanazima bunduki ya leo bila kugusa ugomvi wa shamba, wa kijito, wa shimo na wa jina lisiloandikwa.

4. WATU WANAOSAHAULIWA KATIKATI YETU

Tusiseme kwa jumla tu. Tuwataje.

a) Makabila madogo. Wakubwa wawili wanapopigana, macho yote yanawatazama wawili. Kikao cha amani nacho kinaita wawili. Mnyali, ambaye udongo ni wa babu zake, anakaa nje. Upande mmoja unamwambia, "Uliwaficha adui zetu," na upande wa pili unamwambia vilevile. Mtu anayepigwa na pande mbili ana ushuhuda ambao pande mbili hazina.

b) Wambuti. Mwisho wa 2002 na mwanzo wa 2003, upande wa Mambasa, vikundi vya MLC na RCD-National vilifanya operesheni iliyoitwa "Effacer le tableau", maana yake kufuta ubao. Wambuti waliteswa sana, nao hawakuwa na jeshi wala kiti katika serikali yoyote. Leo iko sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za watu hao na kutambua haki yao juu ya ardhi wanayoitumia. Lakini sheria iliyo Kinshasa haimsaidii mtu ambaye sisi jirani zake tunamwita kwa dharau na kumlipa chumvi kidogo kwa kazi ya siku nzima.

c) Wanawake, na zaidi wasichana waliochukuliwa na askari. Tarehe 8 Julai 2019 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimtia Bosco Ntaganda hatiani kwa makosa 18, pamoja na mambo yaliyofanyika hapa Mongbwalu na mauaji ya Abbé Bwanalonga. Akapewa miaka 30. Kati ya makosa yale kulikuwa na ubakaji na utumwa wa wasichana waliokuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe. Mahakama ilisema kwamba msichana yule, ingawa alivaa nguo za askari, alikuwa ameonewa. Je, sisi kanisani tumesema hivyo? Au tumemwita "mke wa mwasi" na kumnyima mtoto wake kubarikiwa mbele ya watu?

d) Vijana waliorudi kutoka vikundi, na vijana wa mashimo. Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 kwa ajili ya kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita. Watoto wale leo ni baba wa nyumba. Wengi wanachimba zahabu kwa deni: mwenye shimo anawapa chakula, na zahabu ikitoka, hesabu inabaki kwake. Kijana wa namna hiyo akiitwa tena porini, ana kitu gani cha kumzuia?

e) Waliohama na wageni. Mtu aliyelala miaka mitano chini ya turubai anaitwa bado "mkimbizi", kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Haulizwi juu ya shamba lake, wala juu ya nani amelilima sasa. Lakini siku atakaporudi, hapo ndipo amani itakapopimwa.

5. MITUME WALIFANYA NINI?

Sasa tufungue Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wa namna mbili: Waebrania wenyeji, na Wayahudi wa Kiyunani waliotoka mbali na kusema lugha ya kigeni. Chakula kiligawanywa kila siku, na wajane wa Kiyunani wakasahauliwa. Tuangalie hatua tano.

Kwanza, manung'uniko yalisikilizwa. Mitume hawakusema, "Wanaonung'unika ni watu wa mwili, waombe zaidi." Hawakusema, "Msilete ukabila kanisani." Mara nyingi sisi tunamwambia anayelia kwamba ndiye analeta fitina. Aliyeleta fitina ni yule aliyegawa vibaya, siyo yule aliyetaja.

Pili, mkutano wote uliitwa. Jambo halikukatwa na watu kumi na wawili ndani ya chumba.

Tatu, watu wenyewe walichagua. Mitume walitoa masharti ya sifa njema, Roho na hekima, kisha wakaacha mkutano uchague.

Nne, tazameni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Tena Nikolao alikuwa mtu wa Antiokia, mwongofu, asiyezaliwa Myahudi kabisa. Kanisa liliweka funguo za ghala mikononi mwa watu walio karibu na wale waliosahauliwa. Hawakupewa kiti cha nyuma cha kusikiliza. Walipewa kazi yenyewe.

Tano, matokeo. Andiko linaonyesha kwamba baada ya jambo hilo neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka. Kumwingiza mdogo hakukulipunguza kanisa, bali kulilipanua.

6. DAUDI, WAGIBEONI NA RISPA

Habari ya pili ni ngumu, na tusiikimbie. Wagibeoni walikuwa watu wadogo katikati ya Israeli, wakata kuni na wachota maji. Yoshua aliwaapia kwamba watakaa salama. Sauli akavunja kiapo, akawaua. Miaka ikapita, Sauli akafa, Daudi akatawala, na watu wakafikiri jambo limekwisha. Ndipo njaa ikaja miaka mitatu, na Mungu akamwonyesha Daudi kwamba damu ile haijasahauliwa mbinguni. Hapa tunajifunza kwamba damu ya mdogo haichakai kwa sababu serikali imebadilika.

Daudi akafanya jema moja: aliwaita Wagibeoni akawauliza wanataka nini. Lakini jibu lao lilikuwa damu: watu saba wa nyumba ya Sauli watundikwe. Daudi akawatoa. Je, aliwauliza mama zao? Hapana. Rispa, mama wa wawili kati yao, alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale akifukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Hakusema neno hata moja. Daudi aliposikia habari zake, akakusanya mifupa ya Sauli na Yonathani na ya wale waliotundikwa, akaizika kwa heshima. Baada ya hapo ndipo Andiko linasema Mungu akakubali kuombwa kwa ajili ya nchi.

Basi tushike mambo mawili. La kwanza, kumwuliza aliyeonewa ni lazima. La pili, kumwuliza mmoja na kumsahau mwingine kunaleta kilio kipya. Anayelia upande wa adui naye ni mama. Ikiwa kamati yetu inasikia wajane wa upande mmoja tu, bado hatujafika mahali pa mvua.

7. WANAOKATAA WANASEMA NINI?

Wengine wanasema, "Tukiwaita wote, kikao hakitakwisha." Ni kweli kitakuwa kirefu. Lakini kikao chetu juu ya kijito kilikwisha kwa saa mbili, na matata yake yalichukua miezi minane.

Wengine wanasema, "Hao hawana nguvu ya kuvunja amani wala ya kuijenga." Si kweli. Mama anayepika ndiye anayejua kama kijana wake amelala nyumbani. Mchota maji ndiye anayekutana na watu wa upande wa pili kila asubuhi. Mama Vaweka, tuliyemtaja juu, alikwenda kuongea na wakubwa wa vikundi bila bunduki, na mwaka wa 2023 taasisi ya amani ya Marekani ilimpa tuzo ya wanawake wajenzi wa amani. Nguvu yake ilikuwa nini? Watu walimwamini.

Wengine wanasema, "Huyu aliua, tuketi naye namna gani?" Ulizo hili lina machozi ndani yake, na hatulijibu kwa haraka. Kuketi pamoja hakufuti hukumu. Aliyeua na ajibu mbele ya sheria, na aliyepotelewa asilazimishwe kucheka. Lakini kijana aliyechukuliwa akiwa na miaka 11 hawezi kuhesabiwa pamoja na aliyemchukua. Tena kabila halikuua. Watu wenye majina ndio waliua. Tukitaja jina la mtu tunaacha mlango wazi kwa ndugu zake. Tukitaja jina la kabila tunaufunga kwa wote.

8. MAMBO YA KUFANYA KATIKA PAROKIA ZETU

Baada ya matata ya kijito tulianza upya. Tulikwenda kwa mama yule mjane, sisi mashemasi watatu, tukaomba radhi juu ya unga kabla ya kusema neno la kamati. Hakujibu siku ile. Mara ya tatu alikubali kuja, akaleta wenzake wawili. Wao ndio waliotuongoza kwa miguu, kutoka jiwe mpaka mti, wakatuonyesha njia ya zamani ya maji ambayo hata wazee walikuwa wamesahau. Njia ikafunguliwa, na mwenye shamba hakupoteza hata shina moja la muhogo. Kwa hiyo tunashauri haya:

Orodha ya msaada isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, kabla ya kugawa, na kila mtu aulize nani hayumo. Isiandikwe na watu wa kabila moja.

Kikao kiwekwe saa ambayo wachimbaji wametoka shimoni na akina mama wametoka shambani. Kikao cha saa tatu asubuhi ni kikao cha wenye mishahara.

Maneno yatafsiriwe. Kiswahili kinatuunganisha, lakini bibi anayesema Kinyali, Kilendu au Kialur tu ana haki ya kusikia na kujibu.

Mwakilishi asiwe mmoja tu wa kupigwa picha. Mtu mmoja wa kundi dogo katikati ya wakubwa kumi na watano ataogopa. Waje watatu au wanne, na wachaguliwe na wenzao.

Jambo la shamba, mpaka au maji lisikatwe ndani ya nyumba. Watu wote wanaotumia mahali pale watembee pamoja.

Kijana aliyerudi kutoka porini apewe kazi kanisani yenye kuonekana, hata ya kupanga viti au kupiga ngoma, pamoja na mtu mzima wa kumfuata. Msichana aliyechukuliwa apokewe na mtoto wake, na mtoto aitwe kwa jina lake.

Na sisi wa kanisa la unabii tujichunge kuliko wengine. Ndoto na maono yapimwe na wazee. Ujumbe unaotaja kabila fulani kuwa adui, au nyumba fulani kuwa ya wachawi, usisomwe mbele ya watu. Roho aliyeshuka Pentekoste aliwafanya watu wa lugha nyingi wasikie. Roho anayewafanya watu wa lugha moja wachinjane hakutoka kwake.

9. MWISHO

Mama yule yuko mpaka leo. Hajawa mtu wa kusema sana, na bado hajatuambia kwamba ametusamehe. Hatumwulizi. Lakini tunapogawa kitu chochote, yeye ndiye anayeshika orodha. Akifika mwisho wa majina hutazama watu, akauliza kwa sauti ileile ndogo: "Nani hayumo?" Na tunangoja mpaka watu wote watazamane.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Katika Matendo 6, nani walisahauliwa, na kwa sababu gani unafikiri walisahauliwa?
2. Majina ya wale saba yanatufundisha nini juu ya kuchagua watu wa kamati?
3. Rispa hakusema neno. Alifanya nini kilichomfanya mfalme asikie? Ni nani anayekaa kimya hivyo katika mtaa wetu?
4. Taja vikundi vinavyoishi karibu na parokia yako. Ni kipi hakijawahi kuketi katika kikao chenu?
5. Kuna tofauti gani kati ya kusamehe na kuficha kosa?

Kazi ya juma hili: kila mwamini amtembelee mtu mmoja ambaye hajawahi kuingia nyumbani mwake, amwulize jina lake na jina la mahali alipozaliwa. Asihubiri. Asikilize tu, na Jumapili alete neno moja alilojifunza.

Maombi: Tuombee wajane na yatima wa pande zote, walio kambini na walio njiani kurudi, vijana wa mashimo, wakubwa wa nchi, na sisi wagawaji wa vitu vya wengine, ili tuone aliyesimama kando kabla unga haujaisha. Amina.